Yai Katikati ya Glasi

2 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi, na wasomi wamo, ni kudhani kwamba kitu ukikitia majini kina mambo mawili tu: kielee au kizame. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu jana mama yako alinibishia mezani mpaka chai ikapoa, na mpaka sasa nina hamu ya kushinda.

Nilichukua glasi, nikatia maji na chumvi nyingi, nikakoroga, nikaweka yai bichi. Likaelea. "Si nilikwambia," akasema. Kisha nikamimina maji ya kawaida juu yake polepole, nikiyapitisha mgongoni mwa kijiko ili yasichanganyike na yale ya chini. Yai halikupanda, halikushuka. Lilibaki katikati ya glasi, limesimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mama yako aliizunguka meza akitafuta uzi.

"Umelifunga," akasema.

"Nimelifunga na nini?"

"Na hiyo elimu yako."

Basi yai bado liko pale, na nimekataza mtu yeyote kulipika.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama yako bado yuko kwangu, kwani paa lake halijakwisha. Fundi wa paa amekuwa kama mgeni wa heshima, huja akipenda. Goti langu linauma kwa zamu. Sikio la kulia lilistaafu pamoja nami, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu nusu naisikia na nusu naibuni. Mama yako ananishauri niipige picha barua niitume kwa simu yake. Sitaki. Barua iende kwa miguu yake, ifike imechoka kidogo kama mgeni yeyote.

Habari kubwa hapa ni mdogo wako. Jumapili tulimwona kwenye televisheni, ndani ya suti, mkono ameuweka juu ya chombo chenu kama muuza ng'ombe mnadani. Akaeleza kwamba kinajiongoza chenyewe bila waya wala rubani, kwamba kinashuka hadi sakafu ya bahari, kinaipima kwa sauti, kisha kinarudi na ramani. Kwa miaka yote niliyofundisha fizikia ya bahari sikuwahi kusikilizwa kimya kiasi kile. Mama yako alilia kidogo. Majirani wamekuwa wakija kumpongeza, naye anazipokea pongezi kama mzazi wa bwana harusi. Nami nakupa hongera, wewe na yeye.

Nieleze mambo ya kazini, na usinifupishie. Kazi yangu sasa ni kusoma.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku tu wazima. Mume wangu anakusalimu. Mtoto ameanza kusema, na neno lake la kwanza ni "hapana". Baba yake anadai amelirithi kwangu. Mwambie mama nimepata kitambaa alichoagiza, nitampelekea nikipata likizo, ambayo siioni.

Asante kwa hongera. Umeandika "wewe na yeye". Kwenye televisheni mliniona wapi?

Nilikuwepo, mjomba. Nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nimeshika tochi, kwa sababu mwanga haukutosha na mtu wa karibu nilikuwa mimi.

Unajua nani alimleta mdogo wangu kwenye kampuni hii. Alikuwa anauza magodoro. Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwambia nina ndugu ana mdomo wa kuuza, mjaribuni. Wakamjaribu. Leo karakana nzima inamwita Kipaza, maana akiwa ukumbini hahitaji kipaza sauti. Ana ofisi yenye dirisha. Mimi dirisha langu ni kioo cha tangi la majaribio, na upande wa pili wa kioo kuna maji.

Chombo chenyewe nilikipa jina la Bubu. Ni cha njano, kirefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, kinene kiasi cha mtu kukikumbatia. Nilimwita Bubu kwa sababu akishazama hana namna ya kusema nasi. Mawimbi ya redio hayapiti majini. Anakwenda na maagizo yake kichwani kama mtoto aliyetumwa dukani, na mpaka apande juu na kutoa antena yake hewani ndipo aseme yuko wapi. Miaka sita, mjomba. Najua mlio wa kila skrubu yake. Kwenye vipeperushi vya mdogo wangu anaitwa Jasiri.

Nikueleze jambo moja, ucheke ukitaka. Karakana yetu ina mazoea yake. Chombo kabla hakijatoka hupimwa ndani ya tangi, kinaongezwa vipande vya risasi, yale madini mazito, au kupunguzwa mpaka kitulie sawasawa, na aliyekisawazisha huandika jina lake kwa chaki tumboni mwa chombo. Maji huifuta chaki, kila mtu anajua, lakini kinatoka kikiwa na jina. Siku ya televisheni Kipaza aliinama, akalifuta jina langu kwa kiganja, akajipangusa kwenye kitambaa chake cha mfukoni, kisha akasimama na kusema, "Tulipokuwa tunamsanifu Jasiri." Yeye na nani?

Mume wangu ananiambia nina kijicho. Nimemwambia kijicho ni kutamani cha mwenzako, na mimi natamani changu.

Swali dogo tu la kitaaluma, mjomba. Mto mkubwa ukiwa umefurika, yale maji yake matamu yanayotandaa juu ya bahari hushuka kina gani?

Mpwa wako


5 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa sauti, lakini mama yako alipoingia nilianza kusoma habari za mtoto. Amefurahi sana na lile "hapana". Anasema wewe ulianza na "mimi". Paa limepata bati za upande mmoja. Mvua ikija upande wa pili tutajua.

Nianze na kile ninachokijua vizuri, yaani swali lako. Mto mkubwa msimu wa mvua unaweza kutandaza tabaka la maji matamu lenye kina cha mita tano, saba, hata kumi, mbali sana kutoka mdomoni mwake. Mabaharia huliona kwa rangi, maji ya chai juu ya maji ya bluu. Mpaka wake na maji ya chumvi ni mkali, kama ule wa glasi yangu. Sasa fikiria chombo kilichosawazishwa kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi ni mazito kwa hiyo hubeba zaidi. Chombo chako, kama ni cha kilo mia mbili hivi, kikitoka kwenye chumvi na kuingia kwenye maji matamu, ni kama mtu amekitwika kilo tano kichwani. Kikiwa na betri kitajisukuma kwa panga lake linalozunguka kama la feni mpaka juu. Betri ikiisha, kitategemea lile jiwe la dharura ambalo vyombo hivi hulidondosha ili vipande juu vyenyewe. Jiwe likiwa jepesi kuliko zile kilo tano, kitapanda hadi mpakani na kusimama hapo, mita chache tu chini ya macho ya watu, antena ikiwa ndani ya maji. Hakiiti, hakionekani. Kwa hiyo anayepeleka chombo mahali kama hapo lazima akifunge jiwe zito zaidi. Bila shaka unayajua haya yote na uliniuliza ili mzee ajisikie anahitajika. Nimejisikia.

Nani anakwenda mdomoni mwa mto?

Kuhusu lile lingine, sina ujuzi kama huo. Ila usidhani unaniandikia malaika. Wiki iliyopita shule ya mtaani kwetu ilimwalika yule mhandisi mstaafu wa mtaa wa pili kuwaeleza wanafunzi habari za bahari. Mhandisi wa barabara, mpwa wangu! Nilikaa mstari wa mbele, nimekunja mikono, nikimwomba Mungu maikrofoni izime. Haikuzima. Watoto walimpenda. Nilirudi nyumbani nikamkaripia mama yako kwa sababu ya kijiko.

Nisemacho ni kwamba najua ladha yake. Inakaa nyuma ya ulimi. Jina lako lilifutwa mbele ya macho yako na hilo si jambo la kuchekwa. Je, umemwambia mdogo wako kwamba limekuuma, au unangoja alijue mwenyewe?

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Mtoto alikuwa na mafua, sasa amepona. Mume wangu amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunakutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana. Mwambie mama nimeona picha ya paa, ni zuri, lakini mbona bati mbili hazifanani rangi?

Hadithi ya mhandisi wa barabara imenichekesha mpaka fundi umeme akaja kuuliza kuna nini.

Huku mambo yamepamba moto. Kampuni moja inayotandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari inataka kununua vyombo vinane, na kabla ya kutia saini wanataka kuona Bubu akipima njia yao kwa macho yao. Mkurugenzi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, anaogopa hata kukanyaga. Akisaini mteja huyu, karakana itapanuliwa. Asiposaini, alisema kwenye kikao, "Tutaangalia upya tunahitaji watu wangapi." Aliposema hivyo alimtazama Kipaza, maana Kipaza ndiye aliyewaahidi wateja kwamba chombo kinaweza kufanya kazi usiku na mchana mfululizo bila kupanda. Hakuniuliza kama kinaweza. Kinaweza, kwa shida, betri ikiwa mpya.

Orodha ya watakaopanda meli ilibandikwa mlangoni Jumatatu. Kipaza, vijana wawili wa kompyuta, mpiga picha. Nilisoma kutoka juu hadi chini, halafu nikageuza karatasi nione kama kuna upande wa pili. Mpiga picha, mjomba. Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Akanijibu kwa upole sana, kama mtu anayemwambia mtoto duka limefungwa, kwamba wateja wanachanganyikiwa wakisikia sauti mbili, na kwamba Kipaza ameomba asimame mwenyewe mara hii.

Ameomba. Hilo ndilo neno alilotumia.

Nimemsawazisha Bubu kama kawaida. Sikuandika jina. Chaki niliiacha pale pale kwenye ukingo wa tangi, yeyote anayejiona baba aandike.

Kipaza alikuja karakana kuniaga. Nilikuwa na kazi.

Msalimie mama. Uniambie kama yai bado lipo.

Mpwa wako


8 Aprili

Mpwa wangu,

Yai lilioza, mama yako amelitupa na glasi yake. Sote wazima.

Barua yako ina kurasa nne. Ina mafua, ina bati, ina hata viatu vya Mkurugenzi. Nilikuuliza maswali mawili. Nimeitafuta tena na tena na sikuona jibu hata la moja.

Njia ya hizo nyaya inapita wapi?

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Barua hii namkabidhi dereva wa kampuni anayekuja huko, nisingoje posta.

Bubu amepotea.

Walimtumbukiza asubuhi ya tarehe kumi na nne. Alitakiwa kupanda asubuhi iliyofuata. Hakupanda. Wamekaa juu ya meli wakitazama maji mpaka macho yakawauma. Sasa wanamtafuta chini. Wameteremsha kamera kwa waya mpaka kwenye sakafu, wameteremsha na kisikilizio, kile chombo cha kunasa sauti ndani ya maji, maana Bubu ana kidude kidogo kinachopiga mlio wenyewe hata betri kubwa ikiisha. Hawasikii kitu. Hicho kidude kina betri ya siku kumi, pengine pungufu. Mkurugenzi anasema Bubu amepasuka kwa mgandamizo wa maji na kwamba muundo wake ulikuwa na kasoro. Muundo wake!

Hakupasuka. Mimi ndiye niliyeliunga lile ganda.

Hapa wote wananong'ona. Jana mtunza stoo alinijia, akasema, "Dada, pole, lakini si ndiyo vizuri? Sasa watajua mwenye kazi ni nani." Nilimwambia aache maneno hayo. Kisha nikafika nyumbani nikayarudia peke yangu jikoni, kuona yanasikikaje, na mtoto akasema, "Hapana."

Mkurugenzi aliniita akaniuliza nina mawazo gani. Nikamwambia sikuwa kwenye meli, ningoje nione takwimu zao. Ni jibu la kitaalamu. Nilichotakiwa kufanya nilikifanya. Jiwe la dharura ni lile lile la kilo nne tunalotumia siku zote. Hakuna aliyeniambia niweke lingine. Hakuna aliyeniuliza.

Mdogo wangu hajanipigia. Nimeweka simu mezani na haijalia. Kama anaona aibu kuniuliza, basi na abaki na aibu yake. Akinipigia ni jambo jingine.

Wateja wamempa Mkurugenzi mpaka mwisho wa wiki. Wanasema chombo kisiporudi, Kipaza naye asirudi. Mama asijue, tafadhali.

Sina usingizi, mjomba. Nakaa kwenye kiti cha karakana na kulitazama tangi tupu. Sijui kwa nini nakuandikia haya kama sitaki kuambiwa kitu.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Hatujambo. Dereva wenu alifika leo asubuhi, akanywa chai, akaenda zake. Barua hii nitaiandika haraka, mama yako ataipiga picha na kuituma kwa simu yake, kinyume na itikadi yangu yote. Itafika kabla hujamaliza chakula cha mchana. Ukikutana na herufi mbaya, ni mkono, si hasira.

Ulitaka mama yako asijue. Alijua kabla yangu. Mdogo wako humpigia kila Jumapili, na juzi alimpigia akiwa kwenye meli, akalia. Mama yako alikuwa amenificha, kama mimi nilivyokuwa nikimficha wasiwasi wangu. Tumekaa nyumba moja siku mbili nzima tukipeana chumvi kwa adabu. Leo nilipokuwa nasoma barua yako aliingia, akaniangalia usoni, akasema, "Ni kile chombo." Nikakubali. Akakaa. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani hakiwezi kuwa kama lile yai lako?"

Mpwa wangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliulizwa swali la fizikia nikakosa hamu ya kujibu. Kwa sababu jibu tunalo watu wawili, mimi na wewe, na wewe unalo tangu Machi.

Sikuulizi tena njia ya nyaya inapita wapi. Mdogo wako alimwambia mama yake kwamba maji pale ni ya rangi ya chai, na kwamba mpiga picha analalamika. Basi tufanye hesabu pamoja, kama zamani ulipokuja kwangu likizo na daftari lako. Mto umefurika. Bubu amesawazishwa kwa chumvi. Kipaza aliahidi usiku na mchana, kwa hiyo betri iliisha. Bubu akadondosha jiwe la kilo nne, maji matamu yakamtwika tano. Amesimama mpakani, mzima, hana ufa, mita saba au nane chini ya viatu vya watu wanaomtafuta sakafuni. Hayupo tena walipomtumbukiza. Mto unamsukuma nje taratibu, na kila siku anakwenda mbali zaidi. Kisikilizio chao kiko chini mno. Sauti ikigonga mpaka wa maji mawili hupinda, na wao wamekaa upande ambao haifiki. Na kile kidude cha mlio kinakaribia kunyamaza. Kikinyamaza, Bubu atakuwa bubu kweli, na hakuna atakayempata, si wao wala si wewe.

Hayo unayajua. Sasa nikuambie usiyoyajua.

Mama yako alimuuliza mdogo wako kwa nini asikuulize wewe. Akajibu hivi, nayaandika kama nilivyoambiwa: "Mama, nilimuuliza. Siku ya kuaga nilimwambia, 'Dada, kuna cha kuongeza?' Hakugeuka hata kunitazama. Akaniambia, 'Muulize baba yake.'" Halafu akasema jambo ambalo mama yako amekuwa akilirudia huku akikunja khanga yake na kuikunjua. Alisema, "Dada akiingia chumbani watu huacha kunitazama. Tangu shuleni. Walimu walikuwa wanasoma jina langu na kuuliza, wewe ndiye mdogo wake yule? Nilitaka mara moja tu nisimame asiwepo."

Ndiyo maana aliomba. Kumbe na yeye alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, mgongo kwa mgongo na wewe, kila mmoja akidhani ndiye wa nyuma.

Kuhusu chaki, anasema mpiga picha alimwambia afute uchafu, naye akafuta, kisha akaona ni jina lako, na akaona aibu kuuliza chaki iko wapi. Ukweli wake siujui. Wewe ndiye uliyeuona mkono wake. Alikosea, aliahidi asichokijua, alisema "tulipokuwa tunamsanifu" na hakusanifu hata kifuniko. Sikuombi umsamehe. Kusamehe ni kazi ndefu na mimi nataka kazi fupi.

Ila sitaki ujidanganye kwamba umekaa kando. Umeandika, "Hakuna aliyeniuliza." Aliyekuuliza yupo, na jibu lako sasa linaning'inia baharini. Umeandika pia kwamba akikupigia ni jambo jingine. Si jambo jingine. Bubu yule yule, maji yale yale. Unachongoja si swali, unangoja apige magoti. Nakuelewa, nami nilikaa mstari wa mbele nikiombea maikrofoni izime. Lakini maikrofoni ile, ingezima, hakuna mtoto wa mtu ambaye angefukuzwa kazi.

Najua unachokiogopa. Ukipiga simu na Bubu akapatikana, watapiga makofi na makofi yatamwangukia Kipaza. Atasimama tena mbele ya kamera. Inawezekana kabisa. Siwezi kukuahidi vingine, na yeyote atakayekuahidi anakupaka mafuta. Lakini Bubu asipopatikana, utakuwa wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba muundo wake haukuwa na kasoro, na hutaweza kumwambia yeyote ulijuaje. Utabaki na ushindi usioweza kuuonyesha hata kwa mumeo.

Mama yako ameshika simu, anataka kumpigia mdogo wako sasa hivi. Nimemzuia, na si rahisi kumzuia dada yangu. Nimemwambia angoje hadi alasiri. Jua likielekea kushuka kabla hatujapata habari, atampigia, na nitamsomea la kusema neno kwa neno. Kwa hiyo Bubu ana nafasi ya kupatikana hata bila wewe. Sijazuia kwa ajili yake. Nimezuia kwa sababu sauti ikitoka kwangu, chombo kitarudi na dada yake Kipaza atakuwa bado amesimama mita saba chini ya maji, haiti, haonekani. Nimekwisha kuona yai likikaa hivyo. Halikukaa muda mrefu kabla ya kuoza.

Usimwandikie. Usimtume mtunza stoo wala Mkurugenzi. Usianze na kosa lake, usianze na lako, hayo yana siku yake na mtagombana kwa raha zenu nikiwepo, nitaleta glasi. Leo, kabla ya alasiri, inua hiyo simu iliyo mezani, mpigie mdogo wako, umwambie ageuze meli afuate maji ya rangi ya chai yanakokwenda, na kisikilizio akipandishe mpaka pale maji mawili yanapokutana.